Tiketi yenye jina la mwingine

*Natoka Bunia kwenda Mombasa kuchukua bidhaa. Siti za treni zimejaa, ila kijana mmoja wa Nairobi anasema atanipa tiketi yenye jina la mtu mwingine. Je, nitapita getini?*
*Mama mchuuzi, Bunia*

Usimlipe, mama. Madaraka Express, treni ya Nairobi kwenda Mombasa tangu 2017, huandika jina na namba ya kitambulisho kwenye tiketi. Kwenye stesheni yake ya Nairobi, iliyoko Syokimau, watailinganisha na pasipoti yako. Zikipishana, unarudishwa na hela imekwenda. Siti ikipatikana, kata tiketi yako mwenyewe, namba ya pasipoti iwe sahihi. Wahi saa nzima kabla ya treni kuondoka: mizigo hupangwa chini, mbwa wakainusa. Kama umeshamlipa kijana huyo, waone polisi wa stesheni. Na treni ikiwa bado imejaa, mabasi ya Mombasa yapo kila siku.