SOMO: PRESHA YA OILI IKISHUKA, ZIMA INJINI

Wapendwa wanakamati wa sharika na marafiki mnaotuunga mkono, somo letu la robo hii linahusu injini za dizeli.

Katika usharika wetu mmoja kwenye miteremko ya Uluguru, injini ya mashine ya kusaga iliharibika. Mwendeshaji aliona geji ya oili ikishuka, lakini foleni ilikuwa ndefu, akaona amalizie debe chache. Beringi zikaungua, shafti kuu ikakwaruzika. Akina mama wakarudia kubeba mahindi kichwani kushuka hadi barabarani. Tunakiri kuwa mafunzo yetu yalihusu hesabu za fedha, si geji.

Presha hutoka wapi?
Pampu husukuma oili ipite katika nafasi nyembamba kati ya shafti na beringi. Ugumu wa kupita ndio huleta presha. Oili ikipungua, ikiwa nyepesi, au nafasi zikipanuka, presha hushuka na chuma husaga chuma. Ndivyo ilivyo hata kwa injini kubwa za meli, kama MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiwa ya mvuke na baadaye kufungwa injini za dizeli.

Hatua za kufuata
1. Zima mara moja. Usisage hata debe moja zaidi.
2. Subiri dakika chache, kisha pima oili kwa kijiti. Ikipungua, tafuta inapovuja. Ikizidi na kunuka dizeli, dizeli inaingia. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe kabla chanzo hakijarekebishwa na oili kubadilishwa.
3. Kama oili ni sawa, fundi afunge geji nyingine nzima na kuwasha kwa muda mfupi. Geji nayo hudanganya.
4. Safisha chujio la pampu, badilisha filta. Kagua valvu ya presha: uchafu ukiizuia kufunga, oili hurudi chini bila kufika kwenye beringi.
5. Presha ikiwa nzuri asubuhi na kushuka injini ikipata moto, huenda oili ni nyepesi mno au beringi zimelika. Hapo fundi aifungue.

Wajibu wa kamati
Wekeni daftari kando ya injini: saa za kazi, presha ya baridi na ya moto, tarehe ya kubadili oili. Mpeni mwendeshaji ruhusa ya kuzima bila kulaumiwa, hata foleni ikiwa ndefu.

Nanyi wafadhili, tunawaomba muone oili na filta kuwa sehemu ya msaada, si gharama ndogo ya kukatwa.

Wanawali wa Mathayo 25 walitofautiana kwa mafuta ya akiba tu. Taa zote zilikuwepo.