Kutoka Kiwanjani Mpaka Gazetini: Maisha ya Bwana Derek Pringle

Mchezaji hodari akiisha kupita ujana wake, nguvu za mwili hupungua, lakini maarifa aliyoyapata hayapungui. Je, atayatumiaje? Maisha ya Bwana Derek Pringle yatupa jibu moja, tena lenye mafundisho.

Bwana Pringle alizaliwa Nairobi tarehe 18 Septemba, 1958. Baba yake, Bwana Don Pringle, alikuwa Mwingereza aliyecheza kriketi kwa bidii katika Kenya. Mwaka wa 1975 baba huyo alichaguliwa katika timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza kushindania Kombe la Dunia la kwanza. Timu hiyo ilishindwa katika michezo yake yote mitatu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Bwana Don alikufa katika ajali ya motokaa huko Nairobi. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 17 tu.

Kijana hakuuacha mchezo wa baba yake. Alisoma katika shule ya Felsted, kisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Yafaa msomaji ajue kwamba majimbo kadha wa kadha ya Uingereza yana timu za kriketi, na wachezaji wake hulipwa mshahara. Bwana Pringle aliingia timu ya jimbo la Essex mwaka wa 1978, na mwaka wa 1982, angali mwanafunzi, aliitwa kuichezea Uingereza.

Siku moja ya Septemba, 1985, Essex na Nottinghamshire walikutana London, katika kiwanja cha Lord's, kushindania kikombe. Ilibaki mitupo sita tu, na Nottinghamshire walitaka mbio 18 ili washinde. Mpira alipewa Bwana Pringle autupe. Mpigaji, Bwana Derek Randall, alipata mbio 16 katika mitupo mitano. Basi ukabaki mtupo mmoja na mbio mbili. Hapo Bwana Randall akaupiga mpira juu, na Bwana Paul Prichard akaudaka. Essex walishinda kwa mbio moja.

Lakini si kila siku ilikuwa njema. Mwaka wa 1992, huko Melbourne, Uingereza ilicheza na Pakistan katika fainali ya Kombe la Dunia, mbele ya watazamaji zaidi ya 87,000. Bwana Pringle aliwatoa wapigaji watatu kwa mbio 22 tu, wala hapakuwa na mtupaji wa Uingereza aliyefanya vizuri kuliko yeye siku ile. Hata hivyo timu yake ilishindwa kwa mbio 22.

Mwaka wa 1993 aliacha kucheza, akashika kalamu. Aliandika habari za kriketi katika gazeti la The Independent, na baadaye katika The Daily Telegraph. Mwaka wa 2018 alitoa kitabu juu ya kriketi ya miaka ya 1980.

Watu wengine hudhani kwamba kazi hii ni rahisi kwa mtu aliyekwisha kucheza. Sivyo. Mwandishi hukutana na wale wale waliokula naye na kusafiri naye. Nao wakicheza vibaya, hana budi kuandika kwamba wamecheza vibaya. Akiwaficha, amewadanganya wasomaji waliotoa fedha zao kununua gazeti. Akiwadhihaki, amesahau jinsi moyo unavyodunda mtupo mmoja unapobaki. Kati ya mambo hayo mawili ndipo ilipo njia ya haki, na mtu aliyekwisha kushinda kwa mbio moja na kushindwa mbele ya maelfu anaweza kuitambua.

Kijana anayecheza leo na asiache kitabu chake. Miguu itachoka siku moja. Elimu itamtafutia kazi nyingine. Wahenga walisema: Kuishi kwingi ni kuona mengi. Na aliyeona mengi, akijua kuandika, huwafaa wengi.