Maneno ya Sakura ya Kujifunza Kabla ya Kukata Tiketi

Anayekwenda Japani kuona maua ya mcheri aanze na neno kaika, salamu zitafuata. Kaika ni kuchanua kwa maua ya kwanza, na kule jambo hilo hutangazwa rasmi na idara ya hali ya hewa. Miji mingi mikubwa ina mti wake wa kielelezo. Maua matano au sita yakifunguka kwenye mti huo, msimu umeingia. Mti wa Tokyo uko kwenye hekalu la Yasukuni, na waandishi wa habari hukusanyika pale na kamera zao kumsubiri ofisa amalize kuhesabu. Kutoka kaika hadi mankai, yaani maua yanapokuwa yamechanua kwa asilimia 80 na zaidi, ni wiki moja hivi. Wiki inayofuata petali ziko chini, na mvua ya upepo ikipiga, hata wiki haifiki.

Hapo ndipo msafiri wa kutoka Dar es Salaam au Nairobi anapobanwa. Maombi ya viza hutaka ratiba ya siku kwa siku, na unaiandika wakati matawi bado ni makavu. Isitoshe, miti mingi ya mijini ni ya aina moja, somei-yoshino, ambayo huzalishwa kwa kubebesha, kwa hiyo kila mti ni nakala ya mwenzake. Ndiyo maana huchanua pamoja na kupukutika pamoja. Ukizikosa Tokyo, umezikosa mji mzima.

Dawa yake ni neno osozaki, maua yanayochelewa. Litafute kwenye ramani na vipeperushi vya kila mji. Bustani ya Shinjuku Gyoen ya Tokyo, kwa kiingilio cha yeni 500, ina yaezakura, zenye petali nyingi zilizobanana, ambazo hupendeza Aprili ikiwa katikati wakati somei-yoshino zimeshageuka hazakura, mti wa majani. Kyoto, hekalu la Ninnaji lina omurozakura, miti mifupi inayochelewa kuliko karibu mingine yote ya mji. Panga ratiba ya viza ikiwa na mji mmoja wa mapema na mmoja wa baadaye, nawe hutarudi nyumbani mikono mitupu.

Alama moja ya maandishi ndiyo itakayokuokoa kuliko kitabu kizima cha misemo: 満, inayosomwa man, yenye maana ya kujaa. Kwenye ubao wa bustani 満開 ni mankai. Mlangoni mwa mgahawa 満席 ni manseki, viti vimekwisha. Hotelini 満室, manshitsu, vyumba vimekwisha. Kwenye basi 満員, man'in, hapaingiki mtu. Msimu wa maua utaiona alama hiyo kutwa, na ukiitambua kwa mbali hutasimama foleni bure.

Mabasi ya Kyoto ndiyo yaliyonichosha kuliko kitu chochote Japani. Nauli ni yeni 230, bei ya haki, lakini mwanzoni mwa Aprili foleni pale stesheni kuu huzunguka kituo. Basi linakuja limejaa masanduku, linapita man'in, na wazee wa mtaa wanaokwenda hospitali wanaachwa wamesimama. Tiketi ya siku ya basi pekee ilishafutwa. Iliyopo ni ya basi na treni ya chini ya ardhi kwa yeni 1,100. Inunue kwa ajili ya treni. Kwa upande wa mashariki panda treni za Keihan, kisha tembea kwa miguu. Mji ni tambarare, na maua mazuri yako njiani.

Halafu kuna pasi ya reli, JR Pass, ambayo bado watu huisifia kwa mazoea. Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwenda na kurudi kati ya Tokyo na Kyoto kwa shinkansen, treni ya kasi, ni takriban yeni 28,000. Piga hesabu kabla hujalipa, maana kwa ziara ya miji hiyo miwili pasi ni hasara tupu.

Usiku jihadhari na kyakuhiki, wapiga debe wa baa, hasa mtaa wa Kabukicho wa Tokyo, ambako vipaza sauti vya mtaani vyenyewe huwaonya wapita njia wasiwafuate. Kwenye baa halali nako uliza kwanza: “Otōshi wa arimasu ka?” Otōshi ni kisahani kidogo usichokiagiza, kinacholetwa mezani na kulipiwa, mara nyingi yeni 300 hadi 500 kwa kila mtu. Ni desturi, siyo wizi. Lakini baa moja ya Shinjuku iliniletea bili yenye otōshi, sekiryō ya kiti na shin'ya ryōkin ya usiku wa manane, vyote juu ya bia mbili. Jifunze maneno hayo matatu kabla hujaketi.

Kutamka hakutakusumbua. Sakura, hanami (kutazama maua), tsubomi (tumba la ua) husomeka kama zilivyoandikwa, na silabi nyingi huishia na irabu kama zetu. Angalia tu irabu ndefu: obasan ni shangazi, obāsan ni bibi, na mama wa miaka 40 hatapenda uchanganye. Kuhesabu nako hufuata aina ya kitu, na sisi tuliokulia kwenye ngeli tunalielewa hilo upesi. Vitu virefu ni ippon, nihon, sanbon; vitu bapa kama tiketi ni ichimai, nimai, sanmai. Dango, vidonge vya unga wa mchele vya rangi tatu, huchomekwa kijitini, basi sema “nihon kudasai” upate vijiti viwili. Ongeza “mochikaeri de”, nitachukua niende nazo, na kodi itakuwa asilimia 8 badala ya 10 ya kula ndani. Neno hilohilo utalikuta kwenye vibao vya bustani, gomi wa mochikaeri: taka zako rudi nazo.

Mto Meguro wa Tokyo uache. Ni msongamano wa watu wanaosukumana kwenye njia nyembamba, huku polisi wakikuhimiza usisimame. Njia ya Wanafalsafa ya Kyoto nenda saa moja asubuhi au usiende kabisa. Mimi ningekupeleka Nakaragi-no-michi, ukingo wa mashariki wa mto Kamo karibu na kituo cha Kitaōji, penye shidarezakura zenye matawi yanayoning'inia hadi kichwani. Hapalipiwi, na nafasi ya kutandika mkeka ipo. Vua viatu kabla ya kuukanyaga, na beba koti, kwani hanabie, baridi ya msimu wa maua, huja jua likizama tu.

Ukibaki na nguvu, fuata maua kaskazini hadi mji wa Hirosaki nusu ya pili ya Aprili. Pale bustanini kuna miti ipatayo 2,600 kuzunguka ngome, na petali zikidondoka huufunika mtaro wa maji mpaka unakuwa waridi mtupu. Hiyo ndiyo hanaikada. Hoteli za mjini huwa manshitsu mapema mno. Lala Aomori, treni ya kawaida huchukua chini ya saa moja.