Mashine ya Leza ya Karakana ya Jamii: Matumizi, Matunzo na Haki za Anayelipia Muda

Karakana za jamii, yaani mahali ambapo wananchi hulipia muda wa kutumia mashine ambazo mtu mmoja asingemudu kuzinunua, zinaendelea kuzoeleka katika miji yetu. Fundi wa mabango, mshonaji wa mikoba na mwanafunzi wa usanifu majengo hupanga foleni mbele ya mashine ileile, na mara nyingi mashine hiyo ni ya kukatia kwa leza. Somo hili linamhusu mtumiaji ambaye si mmiliki wa mashine wala si fundi wake, lakini ambaye afya yake, malighafi yake na fedha zake hutegemea hali ya mashine hiyo.

Mwale usioonekana

Leza inayotumia gesi ya kaboni dioksidi ilivumbuliwa na Kumar Patel mwaka 1964, na ndiyo iliyomo katika mashine nyingi za karakana. Umeme wa maelfu ya volti hupitishwa katika bomba la kioo lenye mchanganyiko wa gesi. Mwale unaotoka huelekezwa na vioo vitatu, kisha lenzi ndogo huukusanya katika nukta nyembamba kuliko ncha ya kalamu. Urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6, kiwango ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona. Nukta nyekundu inayoonekana juu ya kazi ni taa ya kuelekezea tu. Kutokuonekana kwake hakuna maana kwamba mwale umezimika.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 hugawa leza katika madaraja kuanzia la 1 hadi la 4. Mwale wa wati 40 au 100, ukiwa wazi, huwa katika daraja la 4: huunguza ngozi na jicho, hata baada ya kuakisiwa na kipande cha chuma. Kinachoifanya mashine nzima ihesabiwe kuwa ya daraja la 1 ni sanduku lake lililofungwa pamoja na swichi inayokata mwale mara kifuniko kinapofunguliwa. Ikiwa swichi hiyo imebanwa kwa sumaku au gundi ya karatasi ili kazi iende haraka, mtumiaji anasimama mbele ya leza ya daraja la 4 bila kinga. Aondoke na adai fedha zake.

Jambo hili lina tofauti moja ya kuzingatiwa. Kidirisha cha akriliki huzuia mwale wa kaboni dioksidi barabara, lakini hakizuii mwale wa leza ya faiba inayotumika kuchora juu ya metali, ambao wimbi lake ni takriban mikromita 1.06 na hupenya hadi ndani ya jicho. Miwani ya mashine moja isiazimwe kwa mashine nyingine. Miwani halali huandikwa juu yake mawimbi inayoyazuia. Isiyo na maandishi hayo ihesabiwe kuwa ya urembo.

Kabla ya kuweka malighafi kitandani

Hapa ndipo madhara makubwa zaidi hutokea, tena kwa mikono ya watu wasio na nia mbaya. Plastiki ya PVC ikiunguzwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu, uwe wa hewani au wa kwenye mapafu, hugeuka kuwa asidi. Humuumiza aliyepo, kisha huendelea kula reli, vioo na skrubu za mashine usiku kucha, hivi kwamba mteja wa kesho hulipia mashine iliyoharibiwa na mteja wa leo.

Tatizo ni kwamba PVC haiuzwi kwa jina hilo. Ngozi bandia ya makochi na mikoba mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa PVC. Stika za vinili ni PVC. Yale mabamba meupe mepesi ya mabango, ambayo kwa mbali hufanana na akriliki, kwa kawaida ni PVC iliyotiwa povu. Muuzaji dukani anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba yote ni "plastiki tu".

Karakana makini hufanya jaribio la waya wa shaba. Waya huwekwa motoni hadi uwe mwekundu, huguswa kwenye kipande kidogo cha malighafi, kisha hurudishwa motoni. Mwali wa kijani kibichi ni dalili ya klorini. Jaribio lifanyike nje, na msimamizi, mbali na nyuso za watu. Mtumiaji ana haki ya kuliomba, na msimamizi ana haki ya kuikataa malighafi isiyojulikana; kukataliwa huko kusichukuliwe kuwa ni ujeuri.

Plastiki ya ABS huyeyuka badala ya kukatika na moshi wake una sumu. Polikaboneti hugeuka rangi, huungua na kushika moto. Plaiwudi, karatasi, akriliki na pamba hukatika vizuri. Mbao za MDF pia hukatika, ila gundi yake hutoa moshi mzito, na feni ya kutolea moshi ikiwa dhaifu harufu itabaki katika nguo na kifuani.

Unacholipia

Watumiaji wengi hulalamika kwamba bei ilipanda katikati ya kazi. Mara nyingi chanzo ni kuchanganya kukata na kuchora. Tuchukue kibao cha sentimita 10 kwa 10. Kukata ukingo wake ni safari ya milimita 400. Kwa kasi ya milimita 10 kwa sekunde, kazi huisha kwa sekunde 40. Kuchora picha juu ya uso wote wa kibao hichohicho ni jambo jingine: ikiwa nafasi kati ya mistari ni milimita 0.1, kichwa cha leza kitapita mara 1,000, na kila safari ikichukua sekunde moja, muda unazidi dakika 16. Programu ya mashine huweza kukadiria muda kabla ya kuanza. Omba makadirio hayo, uliza kama muda wa kuandaa faili nao unalipiwa, na fanya jaribio kwenye pembe ya kipande kibovu kabla ya kugusa malighafi nzuri.

Lenzi chafu nayo ni suala la bei. Moshi ukiganda juu ya lenzi, mwale hudhoofika, na msimamizi hulazimika kupunguza kasi au kurudia mkato. Mtumiaji ndiye anayelipa dakika hizo. Ukiona mkato uliokuwa ukimalizika kwa mpito mmoja sasa unahitaji miwili, omba lenzi na vioo vikaguliwe. Usifanye mwenyewe. Lenzi nyingi hutengenezwa kwa zinki selenaidi, kitu chenye sumu kikivunjika. Husafishwa kwa pamba laini na alkoholi ya isopropili, bila kusuguliwa kwa shati na bila kupulizwa kwa mdomo.

Maji, joto na umeme

Bomba la leza hupozwa kwa maji yanayozunguka, nayo yawe maji yaliyokenekwa. Maji ya visima vya pwani yana chumvi inayopitisha umeme na kuacha utando ndani ya bomba. Wengine hununua "maji ya betri". Hapo pawe na uangalifu, kwa sababu jina hilo hutumika dukani kwa maji safi na kwa asidi vilevile.

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa kuna hatari ambayo vitabu vya watengenezaji wa nchi baridi huigusa kwa mstari mmoja. Msimu wa joto na mvua, hewa hubeba unyevu mwingi kiasi kwamba bomba lililopozwa kupita kiasi hutoa jasho kama chupa ya soda baridi. Umeme wa volti nyingi hupata njia kupitia umande huo, cheche huruka na bomba huharibika. Ukiona matone juu ya bomba au mipira ya maji, kazi isianze.

Umeme ukikatika, pampu husimama pamoja na mashine. Zima swichi kuu, usisubiri umeme urudi wenyewe ukiwa umeinamia kitanda. Kifuniko cha nyuma, penye kifaa cha kuzalisha volti nyingi, kisifunguliwe na mtumiaji hata kama mashine imezimwa, kwani chaji hubaki humo.

Moto

Mashine isiachwe peke yake ikiwa inakata, hata kwa muda wa kupokea simu. Makombo yaliyokusanyika chini ya kitanda cha sega ni kuni kavu; yaondolewe kabla ya zamu yako, na uyaondoe ya kwako unapomaliza. Mwali mdogo unaofuata kichwa cha leza na kuzimika ni wa kawaida. Unaobaki baada ya kichwa kuhama si wa kawaida: bonyeza kitufe chekundu cha dharura, kisha tumia blanketi la moto au mtungi wa kaboni dioksidi. Mtungi wa unga huharibu vioo, lakini kama ndio uliopo, tumia. Moto ukizidi, tokeni nje na pigeni simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Tanzania.

Malalamiko

Kabla ya kuanza, piga picha kitanda, lenzi na saa ya mashine, na andika katika daftari la matumizi jina lako, malighafi, muda na kasoro uliyoikuta. Kasoro isiyoandikwa na aliyetangulia huelekea kuhesabiwa kuwa ya aliyefuata. Dai risiti inayoonyesha dakika ulizotozwa. Kukitokea mgogoro, wasilisha kwanza barua kwa uongozi wa karakana ukiambatisha nakala ya risiti, picha na kipande cha kazi iliyoharibika. Kipande halisi kibaki kwako.