Paka wa miguu mifupi: mkosi, biashara au amana?



Ndugu Waislamu, baada ya darsa la Alasiri hapa Newala kijana mmoja alinijia na boksi. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka mwenye miguu mifupi mno, tumbo likikaribia kugusa chini. Jirani amemwambia huo ni mkosi, akamtupe porini. Ndugu yake wa Masasi naye amempigia simu kwamba asimtupe, kwani Ulaya paka kama huyo ni mali. Akaniuliza: "Ustadhi, nimtupe au nimuuze?"

Kwanza, habari ya mkosi haina nafasi katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) alikataza kutabiri mabaya kwa ndege na viumbe. Miguu hii ni suala la urithi. Mwaka 1983 huko Louisiana, Marekani, Sandra Hochenedel aliokota paka jike wa namna hii akiwa na mimba, na kizazi chake ndicho kilichoanzisha aina iitwayo Munchkin. Huyu wetu si lazima awe wa ukoo huo, kwani maumbile kama hayo huweza kujitokeza popote.

Pili, kuwazalisha kwa makusudi ili wauzwe ni jambo la kuogopwa. Mtoto wa Munchkin akirithi chembe hiyo kwa wazazi wote wawili, hufa angali tumboni. Uholanzi imepiga marufuku kuwazalisha. Aliyezaliwa hivyo hana kosa, lakini sisi tutaulizwa tukimfanya chombo cha fahari.

Tatu, ni haki ya kutunzwa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini.

Hadithi hii nimeisomesha miaka mingi. Hata hivyo, msimu mmoja wa korosho nilimfungia paka wangu ghalani akamate panya, nikateremka Masasi kwa shughuli ya siku moja. Gari likaharibika, nikarudi siku ya tatu. Nilimkuta amelala mlangoni, hana nguvu hata ya kulia. Panya walikuwemo, maji hayakuwemo. Alhamdulillah alipona, lakini tangu siku hiyo siisomi hadithi ile kama habari ya mtu mwingine.

Mtasema maji kwetu ni shida. Ni kweli, juu ya uwanda huu wa Makonde hakuna mito, na maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Lakini Abu Qatada (r.a.) alipotiliwa maji ya udhu akaja paka kunywa, alimwinamishia chombo mpaka akatosheka. Akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Kikombe kimoja hakimalizi ndoo.

Basi kijana nilimuusia haya. Ampe dagaa au nyama, kwani ugali mtupu haumtoshi paka. Asimnenepeshe, maana uzito huumiza viungo na mgongo wa mwenye miguu mifupi. Chakula na maji viwekwe chini, asilazimike kuruka. Akiumwa asimpe panadol, kwani humuua paka. Amwone bwana mifugo, na hapo hapo aulize chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka nao huambukizwa na kuambukiza. Na usiku asimwache nje, kwani mbio za kumkimbia mbwa huyu hana.

Kijana alinyamaza kidogo, akauliza: "Na jirani nimwambie nini?" Nikamwambia: "Mwambie umepewa amana." Akafunika boksi kwa kanzu yake, akaenda zake.

Ndugu yangu, kabla ya kufunga ghala lako leo, tazama aliyebaki ndani.

Wallahu a'lam.