Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa Miguu: Kwa Anayepanda Mlima Mara ya Kwanza

Kila ninapoulizwa mtu aanzie mlima gani, muulizaji huwa ameshajitajia Kilimanjaro. Mimi humwambia aanzie Lushoto. Kilimanjaro ina mita 5,895, na huko juu hewa nyepesi inaweza kumwangusha hata kijana mwenye miguu ya chuma. Njia ya Lushoto kwenda Mtae, katika Usambara Magharibi, haipiti sana mita 2,000, kwa hiyo ugonjwa wa mwinuko hauna nafasi. Utahitaji magoti mazima, viatu vilivyokwisha kuzoea nyayo zako, na moyo wa kusalimiana na watu njia nzima. Mlima huu una wenyewe. Kila bonde lina mashamba, kila kilima kina nyumba, na wewe unapita uani kwa watu.

Ukitoka Dar es Salaam, Tanga au Arusha, shuka Mombo. Hapo unachukua gari la kupanda Lushoto kupitia Soni, kilomita 33 za kona mfululizo. Anayechafukwa tumbo garini akae mbele na asile sana kabla. Joto la Mombo unaliacha chini. Ukifika Lushoto unatafuta sweta. Wajerumani waliupenda mji huu kwa ubaridi wake, wakauita Wilhelmstal.

Usianze safari ndefu siku hiyohiyo. Jipime kwanza kwa kwenda Irente na kurudi, matembezi ya nusu siku kupitia vijiji na mashamba ya mahindi na maharage. Njia inaishia ukingoni mwa jabali. Chini yako kabisa kuna uwanda wa Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara kuu. Jioni yake viulize viatu vyako: kisigino kimechubuka? Kidole kimegonga mbele wakati wa kuteremka? Kama ndiyo, bado uko mjini na dawa ipo. Kata kucha za miguu fupi, vaa soksi nene, na funga kamba vizuri kifundoni kabla ya kila mteremko.

Sasa mwongozaji. Hapa ndipo ninapowasihi watu wasibane fedha. Wengi hudhani kazi yake ni kuonyesha njia tu, na kwa kuwa wanajua Kiswahili, wanaona wataulizia watu njiani. Njia za Usambara ni nyingi mno kwa hilo: kila shamba lina kijia chake, na ukungu ukishuka vyote vinafanana. Lakini kazi yake kubwa iko vijijini. Mwongozaji mzuri amezaliwa milimani huko, anaongea Kisambaa, anajua nani ana msiba wiki hii na nyumba gani utapata chai. Nimetembea na kijana aliyesimama kila hatua chache kumwamkia mzee au kumuuliza mama fulani habari za mtoto mgonjwa. Tulichelewa, na milango ilifunguka. Tulikula makande ya moto nyumbani kwa watu ambao nisingethubutu kubisha hodi kwao.

Mtafute kupitia ofisi inayotambulika pale mjini Lushoto, wala usiandamane na wa kwanza anayekufuata stendi. Omba kuona kitambulisho. Kisha kaeni mkubaliane kwa maandishi: ada ya kuingia msituni, malazi, chakula, nauli ya kurudi, na posho yake mwenyewe. Ada ya msitu inalipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, nawe uone risiti. Mwambie ukweli kuhusu afya yako, hasa pumu, presha na magoti.

Kwa kawaida njia hii hutembewa kwa siku tatu. Siku ya kwanza unapita Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, na hapo ningekuomba usiharakishe hata kidogo. Msitu huu ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi umeinyeshea milima hii kwa muda mrefu sana, na misitu yake imejitenga kama visiwa, ndiyo maana ina viumbe ambao hawapatikani kwingine duniani. Utapita chini ya mikulo mikubwa yenye kuvu na kangaga shinani. Mbega huonekana juu, weusi wenye manyoya marefu meupe, wakirukia mti wa pili bila kelele. Hondohondo utamsikia kwanza, mabawa yake yanavuma. Kinyonga hutamwona mpaka mwongozaji akuonyeshe, ukimwona, usimshike. Chomekea suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, na ukiwakuta njiani pita haraka bila kusimama.

Upande wa Shume utaona misonobari na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Simama ulinganishe. Kwenye misonobari ardhi ni kavu na ndege ni wachache. Kwenye msitu wa asili maji yanatoka kila mahali, na vijiji vya chini vinayategemea. Mtu akitembea saa chache hapa hahitaji kuhubiriwa kuhusu kutunza misitu.

Unalala Lukozi, soko kubwa la mboga, ambako kabichi, karoti na viazi hupakiwa malori kwenda Dar es Salaam. Kesho yake unapita Manolo na kushuka Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki hupokea wasafiri. Mwongozaji apige simu mapema. Siku ya tatu ni Rangwi hadi Mtae.

Kuhusu mwendo, nilijifunza zaidi kwa mama mdogo, ambaye amepita miaka sitini na alitembea njia hii nzima pamoja nasi. Alianza polepole asubuhi na hakubadilisha mwendo mpaka jioni. Vijana tuliokwenda nao walikimbilia vilima vya kwanza na kukaa chini wakihema, yeye akawapita akiwapa pole. Kipimo ni maneno: ukipanda huku huwezi kuongea sentensi nzima, punguza. Kunywa maji kidogokidogo kabla kiu haijaja. Wakati wa kuteremka fupisha hatua, kunja magoti kidogo, na tumia fimbo, maana mteremko ndio unaoumiza magoti kuliko kupanda.

Begi liwe jepesi. Koti la mvua, sweta, nguo moja ya kubadilisha, tochi, kofia, plasta, dawa zako, maji lita mbili na fedha taslimu ndogondogo. Juni hadi Agosti usiku ni baridi kweli. Machi hadi Mei acha kabisa, mvua za masika hufanya njia kuwa utelezi na magari hukwama.

Vijijini wengi ni Waislamu, kwa hiyo wanaume kwa wanawake tufunike magoti na mabega. Wakubwa waamkie shikamoo. Ukimudu kusalimu kwa Kisambaa, onga makeo asubuhi na onga mshi mchana, utaona nyuso zinavyochangamka. Usipige picha ya mtu, nyumba au mtoto bila kuomba. Watoto wakiomba pipi au peni, usiwagawie njiani; kama una moyo wa kusaidia, peleka madaftari kwa mwalimu mkuu. Wala usikanyage matuta ili kufupisha njia. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha wakulima wa milima hii kulima matuta, na wakulima wakapinga hadi mpango ukafa. Lakini matuta unayoyaona leo yameshikilia udongo ambao ndio maisha ya mwenye shamba.

Mtae yenyewe iko juu ya ukingo mwembamba, bonde kushoto na kulia. Mbele yako, chini sana, ni mbuga ya Mkomazi, kavu na ya rangi ya kahawia, kwa kuwa mawingu ya bahari yamemaliza mvua yake upande mwingine wa milima. Ng'ambo ni milima ya Pare, na asubuhi isiyo na ukungu Kilimanjaro huonekana. Fika kabla ya saa kumi na moja jioni upate mwanga, na uamke mapema tena.

Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka Mtae kabla ya kupambazuka. Mwombe mwenye nyumba akuamshe, mlipe mwongozaji haki yake yote kabla ya kulala, na ukipendezwa naye mwachie namba yako ili umtumie wageni wengine. Na kama una mzazi, shangazi au mama mdogo ambaye bado anakwenda sokoni kwa miguu yake, tafadhali usimwache nyumbani.