Kijana Anaposhikwa na Wasiwasi Usioisha: Tiba Yake, Inapopatikana na Gharama Zake

Kijana kutetemeka siku ya mtihani wa kidato cha nne ni jambo la kawaida. Mtihani ukiisha, naye anatulia. Lakini ukiona wiki zinapita hapati usingizi, kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, marafiki amewakimbia, au jambo la dakika tano linamchukua saa nzima, hapo pana kitu cha kupelekwa kwa mtaalamu. Jiulize swali moja tu: je, hofu hii inamnyima usingizi, masomo, chakula au watu? Kama inamnyima hata kimoja, usingoje akue ndipo aache.

Kabla ya yote, apimwe mwili. Upungufu wa damu na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi vinaweza kumfanya mtu atetemeke na moyo umwende mbio. Vivyo hivyo makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana hunywa usiku wa kusoma, na mirungi. Mwambie daktari ukweli wote, hata ule unaomwaibisha mtoto.

Wasiwasi una sura nyingi, lakini iko moja ambayo familia huishi nayo miaka bila kuijua. Chukua mfano wa binti wa kidato cha pili anayeogopa uchafu. Akigusa kitasa cha mlango, linamjia wazo kwamba ameshika vijidudu na atawaambukiza wadogo zake. Anakwenda bombani, ananawa, anapata nafuu. Dakika kumi hazijapita, wazo limerudi: huenda hukusugua vizuri katikati ya vidole. Ananawa tena. Mwanzoni ni mara mbili tatu kwa siku. Miezi michache baadaye sabuni ya mche haimalizi wiki, mikono imebabuka, na kwenye gari la shule wenzake wanamngoja yeye kila siku. Wengine hawana habari na uchafu, ila wanarudi kukagua kufuli na jiko la gesi, au wanarudia udhu mpaka sala ya jamaa imewapita, au wanaungama dhambi ileile kila wiki.

Huu ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na vitendo ambavyo mtu anajiona hana budi kuvifanya. Kwa kifupi madaktari huuita OCD. Si ugonjwa uliokuja na simu za mkononi, wala si wa Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na ndani yake akayatengea mlango wa peke yake mawazo haya yanayomganda mtu.

Kuna aina yake isiyoonekana kwa macho. Kijana anajiwa na wazo la kumchoma mdogo wake kisu, au tusi dhidi ya Mungu katikati ya sala, au picha chafu asiyoitaka. Anatishika, anaanza kujificha, anakataa hata kukaa jikoni penye kisu. Akikuambia, tafadhali usiruke. Anayeteswa na mawazo ya namna hii anayaogopa kwa sababu yanapingana na moyo wake, na kumjia hakumaanishi kwamba anataka kuyatenda. Vijana wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wamepagawa au wana nia mbaya, na kimya hicho ndicho kinachowachelewesha kupata tiba.

Je, ni jini? Kama mna desturi ya dua, maombi au kusomewa, endeleeni nayo, na hospitali mwende. Vitu hivi havigombani. Kataeni tu mtu yeyote anayetaka mtoto afungwe, apigwe, anyimwe chakula au aachishwe dawa.

Sasa, tiba yenyewe ni ipi? Wengi wakisikia "ushauri nasaha" hupata picha ya mtu mzima anayemketisha mtoto na kumwambia atulie, asali, asome kwa bidii. Hayo mnaweza kuyafanya nyumbani bila kutoa senti, na huenda mmeshayafanya yasisaidie. Tiba iliyothibitishwa kwa utafiti inaitwa tiba ya fikra na matendo, na sehemu yake kubwa ni mazoezi. Kwa OCD zoezi kuu ni kukabili kile unachokiogopa, kisha kujizuia kufanya kile kitendo cha kutafuta nafuu. Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, aliieleza njia hii mwaka 1966 kwa wagonjwa wawili. Mmoja wao alikuwa haachi kuosha, na wauguzi walifikia kufunga maji ya chumbani kwake. Siku hizi hakuna kufungiana maji. Kijana mwenyewe ndiye anayekubali kila hatua, naye akisema bado, inangojwa.

Vipindi vya kwanza ni vya maswali tu. Kisha kijana na mtaalamu wanatengeneza ngazi ya hofu: anayoyaogopa yanapangwa kuanzia dogo hadi kubwa, na kila moja linapewa alama kati ya 0 na 10. Kugusa meza ya sebuleni, 2. Kushika kitasa cha mlango, 4. Kupokea chenji kwa konda wa daladala, 6. Kushika noti ileile kisha kuupapasa mto anaolalia, 9. Hawaanzi na 9. Wanaanza na meza.

Anaigusa, na hanawi. Hofu inapanda kuliko alivyotaraji, labda inafika 5. Mtaalamu hambembelezi wala hamwambii meza ni safi. Anamuuliza tu, kila baada ya dakika chache: sasa ngapi? Tano. Tano bado. Nne. Mazungumzo yanaendelea, anaulizwa tena, anasema mbili. Kwa mara ya kwanza ameona hofu ikishuka yenyewe bila maji na sabuni. Kuna siku haitashuka mbele ya mtaalamu, na siku hiyo nayo haijapotea, kwa kuwa atakuwa amejua anaweza kukaa na hofu na asidhurike. Anarudi nyumbani na zoezi la kurudia kila siku mpaka kipindi kijacho. Asiyefanya mazoezi ya nyumbani hapati mengi, hata mtaalamu awe bingwa.

Njia ni ileile kwa hofu nyingine, ngazi ndiyo inayobadilika. Anayeogopa watu ataanza kwa kumuuliza muuza duka bei ya kitu, na mwishoni atasimama kuuliza swali darasani. Kijana anayetaka kila kitu kiwe kamili, yule anayechana kurasa za daftari kwa sababu herufi moja imepinda na kukesha akinakili upya, atapewa kazi ya kuandika insha kwa dakika 40, asirudie, aache neno moja lililokatwa kwa mstari, na aikabidhi hivyohivyo. Wazazi ndio hulipinga zaidi zoezi hili, maana wanaona mtoto anafundishwa uzembe. Kwangu mimi mtoto anayekesha akinakili kitu alichokwisha kukielewa ameshaharibu masomo yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwacheni afanye zoezi.

Nanyi nyumbani mna kazi, na ni ngumu. Mtoto mwenye wasiwasi huuliza swali moja mara nyingi: mama, nimefunga mlango? Una hakika sitakufa? Ukimjibu anatulia, kisha anauliza tena. Kumjibu kila mara ni kumpa mwenye kiu maji ya bahari. Vivyo hivyo kumfungulia milango asishike kitasa, kumfulia nguo mara ya pili, au kumwombea ruhusa ya kukosa shule kila Jumatatu. Mnafanya kwa huruma, na huruma hiyo inaulisha ugonjwa. Lakini msikate yote siku moja. Kubalianeni naye na mtaalamu, mchague jambo moja la kuanzia, na nyumba nzima ishike msimamo, bibi akiwemo. Akiuliza tena, sema kwa upole: "Najua hofu imekushika. Swali hilo nimeshalijibu, silijibu tena. Niko hapa na wewe." Kisha ukae naye kweli.

Dawa zinahitajika? Wasiwasi wa kadiri huanza na mazoezi peke yake. Ukiwa mkali, au mazoezi yamegonga mwamba, daktari anaweza kuongeza dawa kama fluoksetini au setralini. Hazifanyi kazi siku ileile. Huchukua wiki nne hadi sita, na kwa OCD zinaweza kufika wiki 10 au 12, kwa hiyo msikate tamaa mapema na msiziache ghafla. Wiki za mwanzo mwangalieni kijana kwa karibu, kwa sababu kwa baadhi ya walio chini ya miaka 25 dawa hizi zinaweza kuleta fadhaa au mawazo ya kujidhuru; yakitokea, mrudisheni kwa daktari mara moja. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la valium, msimnunulie dukani. Inatuliza haraka na kuzoeleka haraka, na mafunzo ya ngazi ya hofu inayafifisha.

Tuje kwenye mahali pa kwenda. Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Pale mapokezi semeni wazi kwamba mnataka kliniki ya afya ya akili. Mkisema "anaumwa tumbo" mtapewa dawa ya tumbo. Kama mtaalamu hayupo, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda. Tanzania kuna idara za magonjwa ya akili Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, na Dodoma ipo Mirembe. Unguja ipo Kidongo Chekundu. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Mathari jijini Nairobi, na Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Majina ya Mirembe na Mathari yanawatisha watu, najua, lakini wengi huhudhuria kliniki na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mtaalamu akikosekana karibu, msaada wa awali unaweza kutoka kwa watu waliofunzwa kidogo. Nchini Kenya utafiti wa mpango uitwao Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021, uliwahusisha wanafunzi wa sekondari 413 wenye dalili za sonona na wasiwasi. Vijana waliomaliza shule si muda mrefu waliongoza vikundi kwa vipindi vinne tu, na dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Hiyo si tiba ya OCD, lakini shule ikiwa na kikundi cha namna hiyo, mwache mtoto aingie. Kwa simu, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya, na Kenya ipo pia 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Kuhusu fedha, hospitali ya serikali huwa nafuu kuliko kliniki binafsi. Ukienda binafsi, usiulize bei ya kipindi kimoja ukaishia hapo. Tiba hii huwa vipindi 12 hadi 20, kwa kawaida kimoja kwa wiki. Tuseme umeambiwa shilingi 40,000 za Tanzania: kwa vipindi 14 ni 560,000, nauli haijaingia. Uliza kama kuna bei ya wanafunzi, kama mnaweza kukutana kila wiki mbili na kupiga simu katikati, na kama bima inalipa kliniki ya akili au dawa tu. Kenya mchango wa bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Jiandikisheni kabla shida haijabisha hodi. Tena uliza: mtafanya mazoezi ya kukabili hofu? Atapewa kazi ya nyumbani? Tutajuaje kwamba anaendelea vizuri? Anayekujibu "tutaongea tu" huenda ni mtu mwema, ila kwa OCD mtafute mwingine. Kenya washauri na wanasaikolojia wana sheria yao ya mwaka 2014, hivyo si kosa kuomba kuona usajili.

Mbali na hofu hizo, matatizo ya kula yana haraka yake. Kijana anayekonda huku akisema amenenepa, anayekimbilia chooni kila baada ya chakula, au anayeongeza saumu za sunna ili apate sababu ya kutokula, apelekwe hospitali kabla ya kutafutiwa mwanasaikolojia. Kutapika mara kwa mara hushusha madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama. Akizimia, akikosa hedhi kwa miezi, au mapigo ya moyo yakiwa ya polepole sana, mpelekeni siku hiyohiyo. Msimlishe kwa pupa kijana aliyekaa wiki bila kula. Mwili ulioshinda na njaa muda mrefu hudhurika kwa chakula kingi cha ghafla, na daktari ndiye wa kupanga kiasi. Baada ya hapo tiba yenye matokeo mazuri kwa vijana huwakabidhi wazazi sahani: ninyi ndio mnaoamua ale nini na mnakaa naye mpaka amalize, kisha taratibu mnamrudishia uamuzi kadiri uzito unavyorejea.

Kijana akisema hataki kuishi, msimwache peke yake. Ondoeni sumu ya panya, dawa za mifugo na vidonge vyote mahali anapoweza kufika, mpelekeni hospitali iliyo karibu hata kama ni usiku, na mmuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Siku mbili tatu kabla ya kliniki, kaa na mwanao mwandike kwenye karatasi moja: hofu ilianza lini, inamchukua saa ngapi kwa siku, nini anakikwepa, dawa gani ameshatumia, na nani katika ukoo aliwahi kuwa na hali kama hii. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, na kijana akishaketi mbele yake mara nyingi husema "sijambo". Mpe karatasi hiyo daktari, kisha toka nje uwaache wawili waongee.